Upara, minoksidili na vile vidonge vinavyodandia sifa

Rafiki yangu mmoja wa Tabata ana begi dogo la safari ambalo halijawahi kusafiri. Linakaa bafuni, juu ya pipa la maji. Ndani mna chupa ya minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, na kitonezi chake, kopo la vitamini ya bayotini lililoandikwa 10,000 kwa tarakimu kubwa, unga wa mlonge aliouhamishia kwenye kopo la kahawa, mafuta ya nyonyo, pakiti za mbegu za maboga, na kile kirola cha sindano ndogondogo ambacho ukikishika vibaya kinakutoboa kidole. Vyote anavitumia. Na nywele za utosini zimerudi kweli. Si kwa wingi wa enzi za shule, lakini hata kinyozi wake amekiri. Ukimuuliza siri ni nini, jibu analo mdomoni: "Mlonge, kaka. Mlonge ni kiboko."

Sina ugomvi na mlonge. Mama anauchanganya kwenye uji na mimi nakunywa. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Katika begi lile kuna kitu kimoja kilichojaribiwa kwa maelfu ya wanaume kwa zaidi ya miaka thelathini, na vingine vitano vilivyodandia basi lake na sasa vinadai nauli. Mwenye begi anawalipa wadandiaji, dereva anamsahau. Mwezi fedha zikipungua, kinachokatwa ni chupa ya minoksidili, kwa sababu ndiyo inayouma mfukoni na ndiyo inayowasha kichwani. Miezi michache baadaye utosi unang'aa upya, na mlonge bado unanywewa.

Mimi mwenyewe ni mtumiaji wa minoksidili, si daktari wala muuza dawa. Kwetu upande wa mama wanaume huanza kuonekana wazee kichwani kabla ya umri wenyewe kufika, na mimi sikurukwa. Ushauri nimepewa wa kila aina: saluni, kijiweni, msibani, kwenye makundi ya WhatsApp. Karibu wote unahusu vitu vya pembeni: kula hiki, paka kile, acha kile. Ndivyo ninavyotaka kuviongelea, kwa sababu baadhi vina maana, baadhi ni hasara tupu, na viwili vitatu vinaweza kukung'oa hata nywele ulizobakiwa nazo.

Kwanza, upara upi. Ninaousema hapa ni ule wa kurithi: paji linapanda pembeni na kuacha umbo la M, utosi unapungua, mwisho sehemu hizo mbili zinakutana na kinachobaki ni mzunguko wa nywele kutoka sikio hadi sikio. Hauna uhusiano na kofia, helmeti ya bodaboda, maji ya chumvi ya kisima, wala "damu kutofika kichwani". Hii ya damu ndiyo mtaji wa wauza mafuta ya kusugua, na naisikia kila wiki. Daktari Norman Orentreich wa New York aliimaliza mwaka 1959 alipochapisha kazi yake ya kupandikiza nywele. Vinyweleo alivyovitoa kisogoni na kuvipanda kwenye eneo la upara viliendelea kuota kana kwamba havijahama. Damu ni ileile ya hapo utosini, na nywele zinaota. Tatizo liko ndani ya kinyweleo chenyewe.

Na ndani ya kinyweleo hicho mchokozi ni homoni. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton aliandika kuhusu wanaume waliokosa korodani tangu kabla ya balehe: hawakuota upara. Alipowapa testosteroni, wale wa koo zenye vipara wakaanza kupukutika, na wengine wakabaki na nywele zao. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake wakaeleza habari za watoto wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na maumbile yanayofanana na ya kike, wakalelewa kama wasichana, na walipobalehe miili yao ikawa ya kiume. Walikuwa wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa DHT, homoni ya kiume iliyo kali zaidi. Walipokua, tezi dume zao zilibaki ndogo na mapaji yao hayakurudi nyuma. Kampuni ya Merck ilianzia hapo kutafuta kidonge cha kukifunga kimeng'enya hicho, na matokeo yake ni finasteridi: ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume mwaka 1992, ya miligramu 1 kwa ajili ya nywele mwaka 1997.

Mjomba wangu wa Muheza anaimeza hiyo ya miligramu 5. Siku moja nilikuta pakiti juu ya meza, pembeni ya miwani yake, nikasoma jina.

"Mjomba, unajua hiki kidonge vijana wa mjini wanakitafuta kwa ajili ya nywele?"

Akakichukua, akakiangalia upande wa pili kama kuna picha ya mtu mwenye nywele. Halafu akajipapasa utosi. "Basi waambie wawahi, mjomba. Mimi kimenikuta nimeshamaliza."

Hakuna mtaalamu angeweza kulisema vizuri zaidi. DHT haing'oi nywele kwa mkupuo. Unywele mmoja wa kichwani kwa kawaida huota kwa miaka miwili hadi sita, unapumzika kama miezi mitatu, unaanguka, kisha mwingine unaota. Chini ya DHT maisha hayo yanafupishwa mzunguko baada ya mzunguko, na kila unywele mpya unakuja mwembamba kuliko uliopita, mpaka inabaki malaika isiyoonekana. Dawa zote tulizonazo hufanya kazi vizuri zaidi wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Utosi ukishakuwa laini na kung'aa kwa miaka mingi, hakuna kidonge wala unga utakaoufufua.

Nikiwa bado kwa mjomba: wenye kutumia finasteridi wajue inashusha kipimo cha PSA cha tezi dume karibu nusu. Usipomwambia daktari kwamba unaimeza, majibu yanaweza kuonekana salama wakati si salama. Na hii ndiyo dawa ambayo sikushauri uinunue kimyakimya dukani. Katika majaribio yaliyoipa kibali, matatizo ya hamu na nguvu za kiume yaliwapata wachache, chini ya wawili kwa kila mia kwa kila tatizo, na baadhi waliyapata hata wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini wapo waliolalamika kuwa yaliendelea hata baada ya kuacha, na mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni mojawapo ya madhara yake. Ukiwa na historia ya sonona, anzia kwa daktari. Mke mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwa sababu kinaweza kuharibu uundwaji wa maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Minoksidili ina asili nyingine kabisa. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, ikapewa kibali Marekani mwaka 1979, na wagonjwa wakaanza kuota nywele mashavuni na mikononi. Athari isiyotakiwa ikageuzwa biashara, na mwaka 1988 ikaidhinishwa kama dawa ya kupaka kichwani. Hapa kwetu vijana wengi wanaijua kama dawa ya kuotesha ndevu, na nimewahi kumsikia muuzaji wa Kariakoo akimkatalia mteja mwenye upara: "Hiyo ya kidevu, bosi." Ni ileile. Haigusi DHT hata kidogo. Inachofanya ni kurefusha muda wa unywele kuota, na ukiiacha, ndani ya miezi mitatu hadi sita unarudi pale ambapo ungekuwa bila dawa. Hapo ndipo mdandiaji anapopatia sifa: athari inachelewa kuja na inachelewa kuondoka, kwa hiyo chochote ulichoanza au kuacha katikati kinaonekana ndicho kilichofanya kazi.

Sasa kopo la bayotini. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, na anazipata bila kujua kwenye mayai, maini, karanga na viazi vitamu. Kopo la rafiki yangu lina mikrogramu 10,000 kwa kidonge kimoja, zaidi ya mara 300. Upungufu wa kweli ni adimu sana. Unaweza kujitengenezea mwenyewe ukinywa mayai mabichi kila siku kwa muda mrefu, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wa jimu, kwa sababu ute mbichi una protini inayoikamata bayotini na kuizuia isifyonzwe. Chemsha yai na tatizo limekwisha. Lile la barabarani la kuchemsha, lenye kachumbari na pilipili, ni tiba tosha. Kwa mwanaume mwenye upara wa kurithi asiye na upungufu, hakuna jaribio la kueleweka lililoonyesha kwamba bayotini inaotesha kitu.

Ningeishia kusema ni hasara ya fedha tu, lakini kuna jambo zito zaidi. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini ndani ya vipimo vyenyewe. Ukiwa umejaza damu yako bayotini, majibu yanapotoka: vipimo vya tezi ya shingo vinaweza kuonyesha ugonjwa ambao huna, na kipimo cha troponini, kile cha kutambua shambulio la moyo, kinaweza kushuka kwa uongo. Mwezi Novemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo na kutaja mgonjwa mmoja aliyefariki baada ya majibu ya namna hiyo. Kwa hiyo ukienda kupima, lile kopo litaje pamoja na dawa nyingine. Wengi hawalitaji kwa sababu kwao si dawa, ni "virutubisho tu".

Neno hilo "tu" limewagharimu watu. Mwaka 2008 nchini Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilitoka kiwandani na madini ya seleni mara 200 ya kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Watu 201 walithibitika kuugua. Kuharisha, uchovu, kucha kubadilika rangi na kukatika, na wengi wao nywele kupukutika. Seleni iko kwenye vidonge vingi vya "nywele, ngozi na kucha", na ikizidi huleta kilekile ulichokuwa unakikimbia. Vitamini A nayo ni hivyohivyo. Mtu anayemeza kopo la nywele, kopo la nguvu na kopo la kinga kwa pamoja huenda anajumlisha madini yaleyale mara tatu bila kugeuza makopo kusoma upande wa nyuma.

Madini ya chuma yana hadithi tofauti, na hapa nabadilisha sauti, kwa sababu hapa kipimo kina maana. Akiba ya chuma mwilini hupimwa kwa feritini. Ikishuka sana nywele hulegea kichwa kizima, na minoksidili haitaziba pengo hilo. Wanawake hupoteza chuma kwa hedhi na uzazi. Mwanaume mwenye chuma kidogo anatakiwa kuuliza kinavujia wapi: vidonda vya tumbo, minyoo ya safura, kichocho, au kitu kibaya zaidi utumboni. Kumeza vidonge vya chuma bila kuuliza ni kufunika tatizo, na chuma kikizidi kinaumiza ini. Pima kwanza. Halafu kuna jambo dogo la nyumbani: chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Isogeze saa moja mbele. Weka limau au chungwa mezani badala yake.

Zinki iko karibu na hapo. Daktari Ananda Prasad, akifanya kazi Iran na kuandika mwaka 1961, ndiye aliyeanza kuhusisha udumavu wa vijana fulani na upungufu wa zinki uliotokana na kula mkate usiochachuliwa karibu peke yake. Anayekula dagaa, nyama, maharage na korosho kwa zamu hana haja ya kidonge kila siku. Mtu mzima akivuka miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu anashusha shaba mwilini na kujiletea upungufu wa damu. Vitamini D: ukiwa nayo kidogo, ijaze, ukiwa nayo ya kutosha, basi.

Mbegu za maboga nimezisubiri makusudi, kwa sababu ndizo zinazoniumiza kichwa. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini waliwapa wanaume 76 wenye upara ama vidonge vyenye miligramu 400 za mafuta ya mbegu za maboga au vidonge bandia visivyo na dawa, kwa wiki 24. Waliomeza mafuta idadi ya nywele ikapanda kwa asilimia 40, waliomeza bandia asilimia 10. Tarakimu tamu. Ila kidonge chenyewe kilikuwa na mchanganyiko wa mimea mingine, kwa hiyo hata wao walidandiwa. Ni jaribio dogo, na mafuta yaliyokamuliwa si pakiti ya mbegu za kukaanga unayouziwa dirishani pale stendi ya Magufuli. Mimi mbegu nazila. Nazila kwa utamu.

Saw palmetto, tunda la mti mfupi wa Marekani wa jamii ya mchikichi, linauzwa kama "finasteridi ya asili". Lilipambanishwa na finasteridi nchini Italia kwa wanaume 100 kwa miaka miwili, matokeo yakatoka mwaka 2012: asilimia 38 walipata nafuu kwa saw palmetto, asilimia 68 kwa finasteridi. Hapo hapakuwa na kundi la kidonge bandia, kwa hiyo hatujui wangapi kati ya hao asilimia 38 walibahatika tu. Rozimari nayo ina jaribio la Iran la mwaka 2015 lililoilinganisha na minoksidili ya asilimia 2, ile dhaifu, zote mbili zikaongeza kidogo sana. Juisi ya kitunguu ilijaribiwa Iraki, matokeo yakachapishwa mwaka 2002, lakini kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule wa mabaka ya mviringo ambao mara nyingi hupona wenyewe. Wanaopaka kitunguu kwenye upara wa kurithi wananuka bure.

Tukitoka kwenye makopo, twende kwa kinyozi. Hapa ndipo naona wanaume wengi wakipoteza walichokilipia kwenye duka la dawa. Mwenye kisogo kinachoota vipele vigumu baada ya kunyoa asikubali mashine iteremke hadi kwenye ngozi, wala kiwembe cha kuchora mstari wa nyuma. Vipele vile hugeuka makovu manene, na penye kovu hakuna kinyweleo kinachorudi. Ugonjwa huu unatupenda sisi weusi wenye nywele za kujikunja kuliko watu wengine. Ikishafika huko ni suala la daktari wa ngozi, na Tanzania hatuko mikono mitupu: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992.

Kwa sababu hiyohiyo kirola cha sindano nakiogopa. Jaribio la India la mwaka 2013 lilionyesha kwamba minoksidili pamoja na kirola cha kila wiki ilishinda minoksidili peke yake kwa mbali: ongezeko la wastani la nywele 91 dhidi ya 22 katika eneo lililohesabiwa, baada ya wiki 12. Ni mojawapo ya vitu vichache vya pembeni vyenye ushahidi wa kueleweka. Lakini kama kovu lako la chanjo begani limevimba na kung'aa, au sikio lililotobolewa liliota keloidi, usijitoboe kichwa chumbani kwako. Asiye na shida hiyo, asipake minoksidili siku ileile ya kutoboa, kwa sababu ngozi yenye majeraha inanyonya dawa zaidi ya inavyotakiwa na moyo unaweza kuanza kwenda mbio. Vivyo hivyo siku umetoka saluni umekwanguliwa, umepakwa spiriti na piko: kiache kichwa kipumzike usiku huo.

Mba ni adui mdogo asiyeheshimiwa. Unasababishwa na fangasi wanaoishi kwa mafuta ya ngozi, na sisi tukiuona tunaongeza nini? Mafuta. Nyonyo, nazi, mafuta ya mgando, kichwa kinawasha zaidi, tunakuna, nywele dhaifu zinaondoka na kucha. Shampuu yenye ketokonazoli mara mbili kwa wiki, ikiachwa dakika tano kabla ya kusuuza, inafanya kazi ambayo chupa nzima ya nyonyo haitaifanya. Utafiti mdogo wa Ubelgiji wa mwaka 1998 uliona hata unene wa nywele ukiongezeka kwa waliotumia shampuu hiyo. Siutegemei sana, lakini kichwa kisichowasha ndicho kitakachovumilia minoksidili kila siku, na hilo linanitosha. Anayewashwa na minoksidili yenyewe mara nyingi anachokozwa na propilini glikoli, kile kiyeyushi kilichomo kwenye ile ya maji. Ya povu haina.

Sigara: utafiti wa Taiwan wa mwaka 2007 kwa wanaume 740 ulikuta wavutaji wana upara mkali zaidi, hata baada ya kuzingatia umri na urithi. Jimu: kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu, ilichafuliwa jina na utafiti mmoja wa mwaka 2009 kwa wachezaji 20 wa raga wa Afrika Kusini, ambapo DHT ilipanda kwa zaidi ya nusu ndani ya wiki moja, ila nywele hazikupimwa. Jaribio la wiki 12 lililochapishwa mwaka 2025 lilizipima, na halikukuta tofauti. Wanaopukutika jimu mara nyingi ni wale wa sindano za misuli, na wao wenyewe wanajua.

Usingizi na mawazo havileti upara wa kurithi. Lakini homa kali ya malaria, upasuaji, msiba mzito, au kupunguza kilo nyingi kwa haraka vinaweza kuzipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, zikaanguka miezi miwili mitatu baadaye, wakati umeshasahau uliumwa. Mtu anaona bafu limejaa nywele, anailaumu dawa aliyoanza wiki iliyopita. Hizo hurudi zenyewe. Kilichobaki kwenye usingizi ni hiki: anayelala saa nane usiku akiwa hoi ndiye anayeruka kupaka.

Na kuruka ndiko kunakowaangusha wengi, kuliko ukosefu wa vitamini yoyote. Minoksidili inataka ngozi kavu na isioshwe kwa angalau saa nne. Kwa anayeswali, kichwa kinapakwa maji kila udhu, kwa hiyo mahali pake ni baada ya Isha hadi Alfajiri, na kwa anayepaka mara mbili, baada ya Alfajiri hadi Adhuhuri. Kwa joto la Dar, kaa mbele ya feni mpaka ikauke kabla ya kugusa mto. Nywele zikiwa fupi inafika kwenye ngozi. Zikiwa ndefu unazipaka nywele, na nywele hazina matumizi nayo. Mafuta yafuate baadaye, si kabla. Nawa mikono. Mwenye mtoto mchanga asimlaze kichwani pake, kwani mwaka 2024 mamlaka ya Ulaya ilitoa tahadhari kuhusu watoto walioota nywele mwili mzima baada ya kugusana na dawa ya baba zao.

Mdogo wangu ameanza kuona ile M mwaka huu. Nimemwambia apige picha utosi na paji kabla ya tone la kwanza, palepale, taa ileile, na arudie kila baada ya miezi mitatu. Apime feritini mara moja. Apake minoksidili peke yake kwa miezi sita bila kuongeza kitu, na asitishike wiki za mwanzo nywele zikipukutika zaidi, kwa sababu za zamani zinapisha mpya. Akitaka mbegu, rozimari au kirola, aongeze kimoja baada ya hapo, ili ajue anamlipa nani. Ameniuliza kama anaweza kuanza na chupa moja kuonja. Nimemjibu asinunue ya kwanza kama hajajua fedha ya ya sita itatoka wapi. Bado anapiga hesabu. Mshahara wake unatoka tarehe 25.